Usikiri Kosa

Jumamosi ile Nerissa Quamina alikwenda darasani kwa sababu moja tu: nyumbani hakukaliki. Baba yake, Mzee Everard, alikuwa barazani na mguu wa kulia ndani ya hogo la plasta, na shangazi yake Ulrica alikuwa pembeni akimpepea na kumchochea. Wote wawili walikuwa na wimbo mmoja mdomoni: Kester Lezama. Kester yule yule ambaye Nerissa alimpenda mpaka akawa anajionea aibu mwenyewe. Kester aliyekuja Jumapili moja kumposa, akarudisha gari nyuma uani kwao, akamgonga baba mkwe kabla hajawa baba mkwe, akamvunja kifundo cha mguu.

Hayo yangesameheka. Ajali ni ajali, hata Shangazi Ulrica angelikubali hilo akishapoa. Kilichokataa kusameheka ni kwamba Kester alishuka garini, akamwona mzee wa watu kalala chini analia, na hakusema kitu. Hakusema pole. Hakusema samahani. Hakusema hata jamani! Alimbeba mzee kimya kimya, akamlaza garini kimya kimya, akampeleka hospitali kimya kimya, midomo kaibana utadhani kaambiwa akiifungua atakufa.

"Hata mbwa angebweka," alisema Shangazi Ulrica, na akawa anairudia kauli hiyo kila jirani akija kumjulia mgonjwa hali.

Mzee Everard naye alitoa hukumu yake. "Binti yangu haolewi na jiwe. Leo kanivunja mguu mimi, kanyamaza. Kesho akikuvunja moyo wewe, atasema nini?"

Pale pale hospitali Nerissa alikuwa amemvuta Kester kando, akamwuliza, "Kes, kwa nini humwambii baba chochote?" Kester alimtazama kwa macho mekundu, macho ya mtu anayeomba msaada, kisha akatikisa kichwa na kuondoka. Tangu siku hiyo Nerissa hakupokea simu zake. Alimchukia asubuhi, akamkumbuka mchana, na jioni akawa hajui anamchukia au anamkumbuka. Tabu tupu.

"Haya, wasaidizi wangu wa sheria!" Madam Pantin aligonga ubao. "Tuamkeni."

Darasa lao lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa pale High Street, San Fernando, na joto la mchana lilikuwa limeanza kuingia kwenye mabati. Madam Pantin alikuwa amezeekea kwenye mafaili ya ajali. Muhula ule aliwafundisha sheria ya madhara na bima, yaani nani kamuumiza nani, kwa uzembe gani, na nani atalipa. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali huku anamtazama mtu mwingine kabisa.

"Mteja wako ana bima ya gari. Kamgonga mtu. Mkataba wa bima unamtaka afanye nini papo hapo? Nerissa."

Nerissa alisimama. Somo hili alilijua hata usingizini. "Asikiri kosa, Madam. Asiahidi kulipa, na asipatane na mtu bila kampuni kujua. Akikiri, kampuni inaweza kumlipa aliyeumia halafu ikamgeukia yeye, ikamdai vyote."

"Vizuri. Na kama aliyegongwa kalala chini analia?"

"Asikiri kosa."

"Na kama ni mtu anayemfahamu?"

"Asikiri kosa."

"Na kama ni mama yake mzazi?"

"Asikiri kosa, Madam!"

Darasa zima liliangua kicheko. Madam Pantin hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi.

"Basi nimefundisha mawe," alisema. "Hebu nisikilizeni. Mkataba unakukataza kusema kosa ni langu. Nani kasema unakukataza kumwambia mtu pole? Nani kasema unakukataza kumshika mkono, kumuuliza anaumia wapi? Ukimwambia mteja usikiri kosa, ukaishia hapo, atafunga mdomo kabisa. Na yule aliyeumia atakwenda mahakamani kwa hasira tu. Mimi kesi nyingi nimeziona zikizaliwa hivyo, si kwa kuumia, kwa hasira. Nerissa, hii asikiri kosa, asikiri kosa, umeikariri na nani?"

"Na..." Nerissa alianza, mdomo ukakwama.

Alijiona yuko kwenye karakana ya Kester kule Marabella, kakaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, miguu inaning'inia, kitabu mapajani. Kester kapiga magoti mbele yake anavuta kitambaa, misumari midogo imemjaa mdomoni. *Kes, umemgonga mtu. Unafanya nini?* Sikiri kosa. *Analia.* Sikiri kosa. *Anakuita jina lako.* Nitasema... pole? *Hapana! Sikiri kosa! Ukikosea tena nakunyima busu.* Na Kester, maskini ya Mungu, hakukosea tena.

"Mungu wangu," Nerissa alisema kwa sauti ya kusikika. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Alikuwa tayari anasukumia vitabu kwenye mkoba. "Madam, naomba ruhusa."

"Unakwenda wapi na somo halijaisha?"

"Kukiri kosa, Madam."

Kicheko cha wenzake kilimfuata mpaka chini barabarani.

*

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Kester alikuwa amempa mgongo, anagongea misumari kwenye ubavu wa kochi, fulana imejaa chembe za sponji. Alikuwa amekonda. Nerissa aliiona shingo yake, akaona jinsi fulana inavyopwaya mabegani, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakampotea.

"Leo sipokei kazi," Kester alisema bila kugeuka. "Rudi Jumatatu."

"Sitaki kochi."

Nyundo ilisimama hewani. Kester alibaki hivyo hivyo kitambo, kama anaogopa akigeuka asikute mtu. Kisha aligeuka taratibu. Walitazamana, na hakuna aliyejua aweke wapi mikono.

"Kes," Nerissa alisema. "Umemgonga mtu. Unafanya nini?"

"Sikiri kosa."

"Analia."

"Sikiri kosa, Neri," alisema, na sauti ikamkatika katikati ya jina.

Nerissa alijifunika uso kwa viganja. "We mwanamume una wazimu. Una wazimu kabisa! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nimenyamaza kwa sababu yako?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo!"

"Baba yako ndiye anayekulipia masomo. Angesikia kwamba hayo ndiyo unayofundishwa, na kwamba wewe ndiye uliyenifundisha, angekutoa pale siku hiyo hiyo. Na unavyolipenda hilo darasa..." Kester aliiweka nyundo chini. "Nikaona bora anichukie mimi."

"Na mimi nikuchukie?"

"Hilo sikulipigia hesabu vizuri."

Nerissa alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Kester alipiga hatua moja, akasita.

"Neno lilikuwa hapa, Neri." Aligusa koo lake. "Haki ya Mungu. Namwona mzee kalala, nataka kumwambia, na masikioni nasikia sauti yako tu: Kes, usikiri. Nikajua nikifungua mdomo kidogo, litatoka lote. Na bima wakinigeukia, gari limekwenda. Gari likienda, karakana imekwenda. Nitakuoa na nini? Na nyundo?"

"Nilikufundisha nusu ya somo," Nerissa alisema. "Na ile nusu mbaya. Nisamehe, Kes. Kosa ni langu, nalikiri, na kampuni yoyote inayotaka kunigeukia inigeukie."

Hapo Kester hakusita tena. Alimkumbatia, naye Nerissa akamkumbatia na sponji zake zote na jasho lake lote, na wala hakujali kwamba mlango uko wazi na wapita njia wanaona.

"Neri."

"Ee."

"Nilijibu vizuri maswali yote. Sikukosea hata mara moja. Busu langu lilikwenda wapi?"

Alipewa. Tena akapewa la nyongeza, kwa usumbufu.

Baadaye Nerissa alijipangusa uso, akawa msaidizi wa sheria tena. "Twende kwa baba. Sasa hivi."

"Shangazi yako kaapa nikikanyaga pale atanimwagia maji ya moto."

"Ataanza na mimi. Lakini nisikilize vizuri. Shangazi alishamwandikia baba barua ya madai, iko kwa watu wa bima yako. Kwa hiyo utasema pole tu. Pole! Usiseme kosa ni lako, maana ukisema, gari hili hatunalo. Hebu jaribu."

Kester alisafisha koo. "Mzee Everard, nimesikitishwa sana na tukio lililotokea."

"Hiyo ni redio inatangaza msiba."

"Mzee, pole kwa mguu."

"Pole kwa mguu! Mguu umefiwa?"

"Sasa nisemeje, mama? Nikisema kidogo nina kosa, nikisema zaidi nina kosa!"

Walicheka mpaka Kester akaegemea kitu kilichofunikwa shuka pale pembeni. Nerissa aliitazama ile shuka. "Na hicho nini?"

"Kochi la baba yako." Kester aliona haya ghafla. "Ndiyo ile zawadi niliyokuja nayo siku ile. Nilirudi nayo. Ningeipelekaje tena? Angesema namhonga."

Nerissa aliifunua. Lilikuwa kochi la mtu mmoja, kijani kibichi, mgongo mrefu wa kuegemeza kichwa, na kwenye mkono wa kulia kulikuwa na kijimeza kidogo cha kukunja, ukubwa wa kutosha kuweka karata na bilauri. Mzee Everard alikuwa nahodha wa klabu ya karata, na kila alipocheza nyumbani alilalamika kwamba hana pa kuweka karata zake. Kumbe kuna mtu alikuwa anasikiliza.

"Pakia," Nerissa alisema.

*

Safari hii Kester hakuingiza gari uani. Alilisimamisha barabarani, akazima, akatoa ufunguo, akautia mfukoni, akaupapasa kuhakikisha umo.

Shangazi Ulrica ndiye aliyewaona kwanza. "Heh! Bubu karudi! Kaka, ficha mguu wa pili!"

Mzee Everard alikuwa kwenye kiti cha plastiki, hogo juu ya stuli, bilauri ya mobi mkononi, ile juisi chungu ya magome anayoinywa kama dawa ya kila kitu. Alimtazama Kester kuanzia viatu mpaka kichwani. "Nerissa. Huyu kafuata nini kwangu?"

"Msikilize, baba. Hilo tu."

"Nilimsikiliza siku ile nikiwa chini. Sikusikia kitu."

Kester alisogea mpaka chini ya ngazi za baraza, kofia mkononi. "Mzee Everard," alianza, "nakupa pole kwa maumivu uliyoyapata, na, na pia kwa... usumbufu."

Mzee alikunywa funda moja, akaiweka bilauri chini. "Hayo kakuandikia nani? Yananuka darasa."

Kester alimtazama Nerissa. Nerissa alitikisa kichwa kidogo sana. *Ishia hapo, Kes.* Gari lilikuwa linaonekana pale barabarani, lile gari alilolinunua kwa miaka ya kupiga misumari. Kester akayashusha macho kwenye mguu wa mzee, akaviona vidole vilivyotokeza kwenye plasta, vimevimba, vimepauka, na kimoja kina kucha ambayo hakuna aliyemkatia.

"Kosa ni langu," alisema.

"Kes!"

"Acha niseme, Neri, nimechoka nalo. Mzee, sikutazama nyuma. Nilisimamisha gari katikati, kisha nikaendelea kurudi bila kutazama. Nilikuwa natazama mlangoni. Nerissa alikuwa kasimama pale na lile gauni lake la manjano, nikasahau kama nina gari mikononi. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuumiza na nikanyamaza, na tangu siku hiyo chakula hakipiti. Nisamehe. Gari wakilitaka wachukue, nitasukuma makochi kwa toroli."

Nerissa akapanda ngazi, akapiga magoti kando ya baba yake.

"Baba, hakunyamaza kwa roho mbaya. Ni mimi. Nilikuwa nakariri naye masomo yangu, nikamfundisha kwamba mtu ukimgonga usifungue mdomo. Akanisikiliza kuliko nilivyostahili. Na hakusema, asije akaniponza nikatolewa shule."

"Ndiyo mnayosomea huko?" Shangazi Ulrica alipiga makofi ya mshangao. "Ada yote ile!"

Lakini Mzee Everard hakuitikia. Alikuwa anajikuna ndevu na kutazama pembeni, kama mtu aliyekumbuka jambo ambalo angependa kulisahau. "Ulrica," alisema. "Nenda kaangalie sufuria."

"Sufuria gani? Sijapika."

"Basi kapike."

"Siondoki! Utamu ndiyo kwanza unaanza."

Mzee alikohoa. Akakohoa tena. "Sikuwa nimesimama," alisema.

"Nini, baba?"

"Siku ile. Niliwaambia nilikuwa nimesimama nampungia mkono. Sikuwa nimesimama." Alishusha sauti. "Nilikuwa nimechuchumaa."

"Umechuchumaa nyuma ya gari? Unatafuta nini?"

"Nachungulia! Nimeona kuna kitu kimefunikwa shuka humo nyuma. Gari likasimama, nikadhani kamaliza kuegesha. Nikajipenyeza pale nyuma, nikachuchumaa nichungulie chini ya shuka, nione kijana kaniletea nini. Angenionaje? Hata angetazama, asingeniona, nilikuwa chini kabisa."

Shangazi Ulrica alitoa sauti ambayo mwanzo Nerissa alidhani ni kilio. Kumbe kicheko. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Nahodha! Nahodha mzima wa klabu! Kachungulia zawadi kama mtoto wa Krismasi!"

"Ndiyo maana sikusema!" Mzee alifoka. "Nisikike hivyo klabu, nitakwenda wapi? Nilikuwa nasubiri yeye aseme la kwake, nami nipate pa kuingilia. Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Na kila siku nikimwona Nerissa anavyokosa raha, ndiyo hasira zinazidi, sijui namkasirikia yeye au mimi mwenyewe." Alimgeukia binti yake. "Wewe unayesoma. Sheria yenu inasemaje hapo?"

"Kuna uzembe wa kuchangia, baba. Kila mtu anabeba kipande chake."

"Na mimi nabeba kipi?"

"Cha kuchuchumaa."

Kester alijaribu kuzuia kicheko, kikampitia puani. Mzee alimkazia macho, kisha mashavu yake mwenyewe yakaanza kutikisika.

"Ile barua ya madai ilikuwa ya Ulrica," alisema. "Mimi hospitali ya serikali haikunidai kitu. Nilikuwa nadai pole, nayo nimeipata. Nerissa, Jumatatu utanisaidia kuifuta."

"Nitaifuta, baba," Nerissa alisema, na akahisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

"Ila wewe kijana bado nakutaka. Mwenzangu wa karata kahamia Tobago, na mimi na hili hogo sina wa kucheza naye. Kila Ijumaa uko hapa mpaka hogo litoke. Karata unajua?"

"Sijui sana, mzee."

"Tutateseka pamoja. Sasa hicho kitu nilichovunjikia mguu kiko wapi? Nataka kukiona."

Kester alikimbia garini. Alilibeba kochi begani, akapanda nalo ngazi, akaliweka polepole. Wakamhamishia mzee humo, mmoja huku na mwingine huku. Mzee Everard aliegemeza kichwa. Akapapasa mkono wa kochi, akakikuta kijimeza, akakifungua. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Vizuri," mzee alisema mwishowe, na sauti haikuwa yake. "Sasa, Kester. Siku ile kabla hujanivunja ulikuwa umekuja na maneno. Yako wapi?"

Kester alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Aliikunja kofia, akaikunjua.

"Jamani, bubu kanasa tena!" Shangazi Ulrica alisema.

Nerissa alimsogelea mpaka bega likagusa bega. Alinong'ona, lakini baraza lote lilisikia.

"Kes. Umempenda mtu. Unafanya nini?"

Kester alimtazama usoni muda mrefu, kisha akageuka kwa mzee, na safari hii sauti yake haikutetemeka.

"Nakiri," alisema. "Nakiri yote, mzee. Nampenda Nerissa, na nimekuja kumwomba kwako."

Mzee Everard alizitoa karata mfukoni, akaziweka juu ya kijimeza, akaanza kuzichanganya.

"Ulrica," alisema bila kuinua kichwa. "Ile sufuria sasa iteleke kweli. Na uongeze sahani moja."